Zana Inayokubali Kuulizwa

Mswada ulinifikia ukiwa na ng'ombe wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mzima. Kila alipotajwa mnyama huyo, neno lilisomeka "ngómbe". Ng'ambo ya mto ilikuwa "ngámbo". Kijana aliyeng'ang'ania shamba la baba yake "alingángánia". Mwandishi ni mzee wangu, mwalimu mstaafu, aliyechapa kurasa mia mbili kwa mkono wake mwenyewe, na nilipompigia simu na kumwamkia alikuwa na jibu tayari. "Marahaba, mwanangu. Ni macho haya. Nilijua tu yatanitia aibu."

Macho yake hayakuwa na kosa. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake, nikaketi mbele ya kompyuta mpakato aliyoachiwa na bintiye, nikafungua terminali na kuandika herufi tatu: xev. Likatokea dirisha dogo jeupe. Programu hiyo haina makuu: unabonyeza kitufe, nayo inakuandikia ilichosikia. Nikabonyeza kitufe cha ritifaa. Katikati ya mistari iliyoporomoka kwenye skrini palikuwa na jina dead_acute, na hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe. Kitufe kile kilikuwa kimepewa tabia ya kukaa kimya, kuingoja herufi inayofuata, kisha kuipanda kichwani. Anayeandika Kireno au Kihispania anauhitaji sana mpangilio huo, maana ndio unaompa á na ó zake. Anayeandika Kiswahili hubakia na ng'ombe aliyevishwa kofia ya mgeni.

Dawa ilikuwa amri moja fupi, setxkbmap us, kisha nikauweka mpangilio huo katika mipangilio ya mfumo ili usipotee kompyuta ikizimwa. Mzee akasogeza kiti, akachapa polepole: ng'ombe, ng'ambo, ng'ang'ania. Akasoma kwa sauti. Akacheka kidogo, akavua miwani, akaifuta.

Nimetumia programu huria kwa miaka mingi katika kazi ya uhariri, na ninazipenda kwa sababu niliyoishuhudia asubuhi ile. Kutengenezeka kwa mashine ni jambo jema, lakini mashine hutengenezeka kwa njia nyingi. Fundi mwenye haraka angefuta kila kitu na kuweka mfumo upya, mzee akaendelea kuyalaumu macho yake hadi kufa. Kilichonigusa ni kwamba mashine ilikubali kuulizwa. Iliulizwa swali dogo, ikajibu kwa ukweli, na jibu lake likamwondolea mtu mzima lawama isiyokuwa yake. Insha hii ni ya kuwasifu mafundi wanaotengeneza zana za namna hiyo, na ni ya kuzipima zana zenyewe kwa kipimo hicho kimoja.

Tuanze na safari ya kidole. Ukibonyeza A, ndani ya kompyuta hakuna A bado. Kiini cha Linux, mfumo huria ulio kwenye kompyuta ya mzee, hukipa kitufe hicho namba 30. Mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanza katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984, huongeza 8 juu ya namba hiyo, ikawa 38. Ndipo jedwali la XKB linapoulizwa: je, katika mpangilio wa mtu huyu, 38 ni nini? Jedwali likisema A, unapata A. Likisema herufi ya Kirusi, unapata ya Kirusi. Kitufe ni mahali tu. Herufi ni mapatano.

Na mapatano hayo yameandikwa wazi. Katika kompyuta nyingi za Linux yanakaa kwenye folda /usr/share/X11/xkb/symbols, faili za maandishi matupu ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma, nyingi zikiwa zimepewa vifupisho vya majina ya nchi. Imo ya ke na imo ya tz, maana upo mpangilio wa Kiswahili wa Kenya na upo wa Kiswahili wa Tanzania. Na ndani ya ke umo pia wa Kikikuyu, lugha isiyoandikika sawasawa bila ĩ na ũ. Mara ya kwanza nilipozikuta faili hizo nilikaa nazo muda mrefu. Kuna mtu aliketi akapanga, mstari kwa mstari, wapi ũ ipatikane, ili mtu wa Nyeri asilazimike kuiibia lugha yake alama. Kazi hiyo haina jukwaa wala makofi. Ikifanyika vizuri, hakuna anayejua kuwa ilifanyika.

Wanaotaka kubadilisha vitufe wana zana kadhaa, na haziko sawa. Kuna xmodmap, mkongwe anayebadilisha kitufe kimoja kimoja. Ni mwepesi kueleweka, ila ukibadilisha mpangilio baadaye anasahau yote uliyomwambia. Kuna keyd, inayokaa chini zaidi, karibu na kiini, ikikishika kitufe kabla ya mfumo wa madirisha kukiona. Kwa mistari michache ya faili, Caps Lock inaweza kuwa Control ukiishikilia na Escape ukiigusa tu. Kuna Input Remapper, yenye madirisha ya kubofya, kwa wasiopenda kuandika faili. Kwa mzee wangu hakuna hata moja iliyofaa, kwa sababu kitufe chake hakikuwa na kosa. Mapatano ndiyo yaliyokuwa ya watu wengine. Ufundi ni pamoja na kujua ni tabaka lipi lenye tatizo kabla hujainua nyundo.

Hadithi ya pili ni ya kipanya, na ndiyo iliyonifundisha kwamba mkono na ghala la programu ni ndugu.

Mtaani kwetu Dar es Salaam kuna steshenari ya dada mmoja: kupiga chapa, kutoa kopi, kuskani, kujaza fomu, kuandika barua za maombi ya kazi. Kompyuta yake ni ya mtumba, inaendeshwa na Debian, mfumo wa familia ya Linux niliyomwekea mwenyewe miaka ya nyuma. Siku moja nilipita kuchukua kopi nikamkuta amekunja uso. Akivuta kipanya kuichagua aya, uteuzi unakatika njiani. Akibofya mara moja ili kuweka kishale kwenye neno, neno zima linachaguliwa. Akibofya alama ya kuchapisha, zinatoka karatasi mbili. "Kaka, hii mashine inanila karatasi," alisema. "Wateja wanadhani nawaibia." Aliyemtengenezea printa alikuwa ameshamwambia anunue kompyuta nyingine.

Nikamwomba nafasi, nikaandika amri: sudo libinput debug-events. Skrini ikaanza kunukuu kila kilichotendwa na mkono, mstari mmoja kwa kila tukio, na saa yake pembeni hadi sehemu ndogo za sekunde. Nikamwambia, "Dada, bofya mara moja tu, taratibu." Akabofya. Mistari ilikuwa minne: kimebonyezwa, kimeachiwa, kimebonyezwa, kimeachiwa. Kati ya kuachiwa na kubonyezwa tena zilipita milisekunde chache, upesi ambao hakuna kidole cha binadamu kinachouweza. Akaiangalia ile mistari, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo si mimi." Ndiyo, si yeye. Chini ya kitufe cha kipanya kuna kibati chembamba kinachogusana na kingine; kikichakaa, kikiguswa kinadundadunda kama kifuniko cha sufuria, na kila mdundo unahesabiwa kuwa ni bofyo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba watunzaji wa libinput, maktaba inayopokea ishara za vipanya na vitufe, waliliona tatizo hili zamani. Matoleo yake mapya yanafanya jambo la busara sana: kitufe kikibonyezwa au kuachiwa, mdundo wowote unaofuata ndani ya milisekunde 25 hauhesabiwi. Milisekunde 25 ni muda mfupi mno kwa mtu kubofya mara mbili, lakini ni mrefu wa kutosha kwa kibati kutulia. Na kuna udhaifu wa aina ya pili, wa kitufe kinachojiachia kidogo wakati kimeshikiliwa, ambao ndio uliokuwa ukimkatia dada uteuzi wake. Dawa ya huo haiwashwi kwa kila mtu. Libinput hungoja mpaka ikione kipanya chenyewe kikionyesha dalili. Anayejali vipanya vilivyochakaa amewajali watu wa kipato kidogo, hata kama hakuwahi kukanyaga mtaa wao. Kwenye maduka yetu kipanya hutumika mpaka maandishi ya chini yanafutika.

Shida ni kwamba Debian ya dada ilikuwa ya toleo la nyuma, na libinput yake ilikuwa ya zamani. Dawa ilikuwa ghalani, ilibaki kuifikisha.

Wasiokaa karibu na mambo haya hudhani kuweka programu ni kunakili faili. Hebu fikiria kamati ya harusi. Mpishi wa pilau anasema haji bila masufuria yake. Masufuria yako kwa shangazi, naye haji bila gari. Gari lipo, ila dereva hakai meza moja na mjomba fulani, na mjomba huyo ndiye mshenga. Katibu wa kamati anatakiwa atoe orodha moja ambamo kila aliyealikwa amepata anachokihitaji na hakuna wawili waliokosana waliowekwa pamoja. Harusi ya watu ishirini inawezekana kwa kichwa na daftari. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na kila kimoja kina orodha ya kinaowahitaji na kinaogombana nao. Wanahisabati wamethibitisha kwamba tatizo hili, likichukuliwa kwa ujumla wake, ni la jamii ya yale magumu kabisa, yasiyo na njia ya mkato inayojulikana. Hata hivyo kila siku tunaandika amri moja na katibu anarudi na orodha kabla chai haijapoa.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, naye jina akaliunga kutoka kwa jina la Debra, mpenzi wake, na lake mwenyewe. Mtenda kazi wa kwanza alikuwa dpkg, anayejua kufungua kifurushi, kukipanga mahali pake na kuandika kumbukumbu yake. Akikosa kinachohitajika, hulalamika na kusimama. Juu yake mwaka 1998 ikaja APT, ndiyo katibu wetu wa kamati: inajua ghala liko wapi, inatafuta vinavyohitajika, inavileta, kisha inamkabidhi dpkg. Baadaye pakapatikana Synaptic, iliyoandikwa katika kampuni ya Conectiva ya Brazil, ili mwenye kupenda kuona kwa macho aone vifurushi vyote kwenye orodha na kutia alama anavyovitaka.

Sifa ya APT ninayoipenda kuliko zote ni adabu yake mlangoni. Haiingii kabla ya kubisha hodi. Inakuambia: nitaweka hivi, nitasasisha hivi, nitaondoa hivi, nitavuta megabaiti kadhaa kutoka mtandaoni, na kwenye diski nitachukua kiasi hiki. Kisha inangoja. Kwa mtu anayenunua bando la intaneti kwa siku, ule mstari wa megabaiti ni heshima kubwa. Na kwa miaka mingi, ukiiambia iondoe kitu ambacho bila hicho mfumo hausimami, haikutosheka na herufi moja ya kukubali. Ilikutaka uandike kwa mkono wako sentensi nzima ya kukiri kwamba unajua unalolifanya.

Siku ile pale steshenari nilikosea kwa kutaka njia ya mkato. Nilijaribu kuichukua libinput peke yake kutoka toleo jipya na kuipachika kwenye mfumo wa zamani. APT ikabisha hodi na orodha yake. Katika vitakavyoondolewa nikaona jina baada ya jina: programu ya ofisi, kiendeshi cha printa, mazingira mazima ya madirisha. Nikajibu hapana. Hakuna faili hata moja iliyoguswa.

Kisha nikauliza kwa nini. Zana ya aptitude, ndugu wa APT, ina amri mbili ambazo kwangu ni johari: why na why-not. Ya kwanza inakueleza kwa nini kifurushi fulani kimo kwenye mashine yako: nani kamleta, na huyo naye kaletwa na nani, mpaka kwa yule uliyemwalika wewe mwenyewe. Ya pili inakueleza kwa nini kifurushi fulani hakiwezi kuingia. Jibu lake lilikuwa mnyororo mfupi: libinput mpya inahitaji maktaba ya msingi mpya, na maktaba hiyo haikai pamoja na vitu vya zamani vilivyokuwamo. Katibu alikuwa sahihi. Watu wa Debian wana jina la mashine iliyoungwa kwa viungo vya matoleo mbalimbali. Huiita FrankenDebian, kwa kumkumbuka kiumbe wa riwaya maarufu aliyeundwa kwa viungo vya maiti mbalimbali. Njia halali ilikuwa moja: kuuhamisha mfumo mzima kwenda toleo linalofuata. Tukangoja usiku, bando likawa rahisi, nikaiacha ivute. Asubuhi dada alibofya mara moja, karatasi ikatoka moja.

Kwa kipimo hicho cha kuulizwa na kujibu, nimewapima na makatibu wengine, na kila mmoja ana tabia yake.

Pacman wa Arch Linux, mfumo ulioanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, ni mwepesi na wa maneno machache. Mfumo wake hauna matoleo. Unasonga kila siku, na unatakiwa usonge wote kwa pamoja. Ukimuuliza, anajibu vizuri, lakini anakutarajia uwe umesoma matangazo kabla ya kusasisha. Ni rafiki wa mtu mwenye muda na mtandao wa uhakika. Nisingemweka steshenari.

DNF, iliyochukua nafasi ya YUM katika Fedora 22 mwaka 2015, sifa yake ni kumbukumbu. Kila ulichokifanya kimeandikwa kwa namba na tarehe. Amri ya history inakuonyesha, na undo inajaribu kukurudisha ulikokuwa. Zana inayokumbuka ulichoitendea inakupa ujasiri wa kujaribu.

Nix imekwenda mbali zaidi. Ilikuwa kazi ya udaktari ya Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, aliyoihitimisha mwaka 2006. Wazo lake ni kwamba programu mpya isikae kamwe juu ya ile ya zamani. Kila kifurushi kinapata chumba chake ndani ya /nix/store, na jina la chumba limetokana na kila kilichotumika kukijenga. Ukisasisha, vya zamani vinabaki vyumbani mwao. Mambo yakiharibika, unarudi kizazi kilichotangulia kwa amri moja. Hata ile njia yangu ya mkato pale steshenari isingeondoa kitu, kwa kuwa programu za zamani zingebaki na maktaba yao. Guix, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Ludovic Courtès, imelichukua wazo hilohilo na kulijenga kwa lugha ya Scheme. Gharama yake ni nafasi ya diski, na kujifunza lugha nzima ya kuuelezea mfumo wako. Nikiwa na diski kubwa na utulivu, Nix ndiyo inayonijibu kwa kina kuliko wote.

Flatpak nayo humletea kila mgeni chakula chake, asitegemee jiko la mwenye nyumba. Ni nzuri kwa programu mpya kwenye mfumo wa zamani. Ila chakula hicho hupakuliwa kwa bando lako, na mara ya kwanza si kidogo.

Upande wa mkono pia zipo shule mbili, na nimezikalia zote. Kiendeshi cha zamani cha tachipadi, kilichoitwa synaptics, kilikuwa na makumi ya vitu vya kurekebisha: mipaka ya shinikizo la kidole, pembe, mwendo, muda wa kugonga. Wapo walioking'ang'ania kwa sababu hiyo. Libinput, iliyoanzishwa na Jonas Ådahl na kutunzwa kwa miaka mingi na Peter Hutterer huko Australia, ilikata shauri jingine: mambo ya kurekebisha yawe machache, na mahesabu ya ndani yawe sahihi tangu mwanzo. Zamani nililiona hilo kuwa ni ubahili. Siku hizi nahesabu: vitu kumi vya kuwasha na kuzima vinaleta hali 1,024 tofauti, na hakuna mtunzaji anayeweza kuzijaribu zote. Kila kirekebisho ni deni la mtu fulani. Mashine fulani ikiwa na upekee wake, libinput huuandika kwenye faili za mambo ya pekee, jina la kifaa na dawa yake, ili mwenye kifaa asijue hata kama alikuwa mgonjwa.

Kwa anayetumia X ipo xinput, inayokubali karibu kila kitu. Nina mwenzangu ofisini atumiaye mkono wa kushoto; amri moja ya kupanga vitufe vya kipanya upya, 3 2 1 badala ya 1 2 3, ilimtosha kuacha kuukunja mkono wake. Lakini xinput ilinifundisha pia mpaka wa fikra yangu. Katika X, swali langu linaweza kuulizwa na programu yoyote: dirisha lolote linaweza kusikiliza kila kitufe kinachobonyezwa kwenye madirisha mengine, hata nywila. Mlango unaomfungukia mwenye nyumba unamfungukia na mwizi. Ndiyo maana Wayland, inayochukua nafasi ya X, imeufunga. Hapo xinput haina tena uwezo wa kurekebisha. Kila mazingira ya madirisha yana mipangilio yake, na baadhi ya uhuru wa zamani umepotea. Niliuhuzunikia. Sasa naona kwamba libinput debug-events inadai sudo kwa sababu iyo hiyo: inajibu, lakini kwanza inataka kujua kama anayeuliza ni mwenye mashine. Zana njema ina wa kumjibu na ina wa kumnyima.

Na kuulizwa peke yake hakutoshi. Lazima awepo muulizaji. Mwezi Machi 2024, mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, kwenye mashine yake ya Debian isiyo thabiti kunachelewa. Nusu sekunde. Wengine tungenyanyua mabega. Yeye aliuliza kwa nini, akafuata uzi kutoka maktaba moja hadi nyingine, akafika kwenye xz, programu ya kubana faili, na ndani ya matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 akakuta mlango wa siri. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amejijengea uaminifu katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 29 Machi habari ikatangazwa, na maghala yakaanza kusafishwa.

Debian iliyo thabiti, ile iliyokuwa steshenari, haikuguswa. Sababu ni ngazi. Kifurushi kipya huingia kwanza kwenye tawi liitwalo sid. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na Sid ni yule mtoto wa jirani anayevunjavunja midoli. Kifurushi kikikaa humo siku kadhaa bila kosa kubwa, hupanda tawi la majaribio. Kutoka hapo hadi toleo thabiti ni miezi ya kusubiri, kukaguliwa na kulalamikiwa. Sasa sioni tena uzee wa toleo thabiti kuwa ni ulegevu. Kuchelewa huko, ambako watu wengi hukudharau, kulikuwa muda wa watu kuuliza maswali. Na majibu yao hayafichwi: tangu 1997 Debian ina mkataba wake na jamii, na mojawapo ya ahadi zake ni kutoficha makosa. Orodha ya kasoro zake iko wazi kwa kila mtu.

Nikiwaza kuhusu mafundi wote hawa, wa vifurushi na wa vidole, naona wanafanya ufundi mmoja. Mmoja anahakikisha kwamba ulichokiomba ndicho kilichoingia kwenye mashine. Mwingine anahakikisha kwamba ulichokigusa ndicho kilichotokea. Wote wawili wanatunza uaminifu kati ya mtu na chombo chake. Chombo kisichoulizika humfanya mtumiaji ajitilie shaka: mzee anayalaumu macho, dada anaonekana mwizi wa karatasi. Chombo kinachoulizika humrudishia mtu hakika ya mkono wake.

Mwezi uliopita nilipita steshenari kuchukua kopi. Dada hakuwapo dakika ile, na kwenye meza kulikuwa na daftari lake la wadaiwa, limelazwa kifudifudi. Nyuma ya jalada, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika amri tatu, na mbele ya kila moja maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Apt list --upgradable: nini kipya. Aptitude why: nani kamleta. Sudo libinput debug-events: mkono umesema nini.

Akarudi na chenji ya mteja, akaniona nasoma. "Juzi kipanya kilianza tena," akasema, akihesabu sarafu. "Nikakiuliza."

"Kikasemaje?"

"Bofyo moja, mstari wa kubonyeza na wa kuachia, basi. Kumbe nilikuwa nimebofya mara mbili mimi mwenyewe, kwa haraka." Akamkabidhi mteja karatasi yake, moja, na kugeukia fomu iliyofuata.